Kikohozi Nyuma ya Minyaa

Mara moja kila mwezi Shimba, mganga wa zahanati, alipanda baiskeli asubuhi akaenda kufanya kazi katika zahanati isiyo yake, ng'ambo ya mto. Mganga wa kule, jina lake Josephat, naye alipanda ya kwake akaja kukalia kiti cha Shimba. Walipishana kwenye daraja la magogo, wakasalimiana bila kushuka, kila mtu akashika njia yake. Wageni wa kutoka wilayani, wale wa suti za Kaunda na kalamu kifuani, walilicheka sana jambo hili. Wakiuliza, waliambiwa kwamba leo ni siku ya wakwe, wapimwe na mganga asiye mkwe wao, na hapo walicheka mpaka wakapangusa machozi. Waache wacheke. Mgeni hana kosa, hakuwepo.

Aliyekuwepo anajua kwamba jambo lenyewe lilianza na kamba ya kupimia viwanja.

Ule mwaka wa kuhamia vijijini, watu wa upande wa Magu walishushwa kutoka vilimani walikokuwa wametawanyika, wakapangwa kwa mistari kwenye tambarare inayotelemkia ziwani. Msukuma wa zamani, tuseme ukweli, hakujenga mlangoni kwa mwenzake. Alipenda kuuona moshi wa jirani, lakini sauti yake aisikie siku ya ngoma tu. Akaja kijana wa serikali na kamba na vigingi, jua kali, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, akapima kiwanja baada ya kiwanja, fulani hapa, fulani pale, bila kuuliza nani ni nani kwa nani. Kiwanja cha Shimba kikaangukia ubavuni mwa kiwanja cha mjane mmoja aliyeitwa Nyanzobe. Na Nyanzobe ndiye aliyemzaa Suzana, mke wa Shimba.

Shimba alimwendea yule kijana, kofia ameikunja mkononi. "Ndugu," alisema, "yule mama ni mkwe wangu."

"Vizuri sana," kijana akajibu, macho kwenye kamba yake. "Mtaombana chumvi."

Hakuwa mtu wa kule, tusimlaumu kupita kiasi. Hakujua kwamba kwa watu wale mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali mahali pamoja, hawaitani kwa majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini akatazama miti mpaka mwenzake apite. Wala si chuki. Huyu mama amekupa mwanawe, utamtazamaje machoni, utamwambia nini kinachotosha? Zamani jambo hili halikuwa na taabu, kwa sababu kati ya mkwe na mkwe palikuwa na kilima kizima. Sasa zilibaki hatua chache.

Msimu uleule Shimba akakata vijiti vya minyaa, akavichomeka mpakani mwanzo hadi mwisho. Minyaa haihitaji kubembelezwa. Mvua mbili tatu ikawa imeshikana, na mnajua maziwa yake yalivyo: tone moja jichoni na mtu analala gizani wiki nzima. Ng'ombe wenyewe wanaiheshimu. Ua likasimama, na pande zote mbili watu wakapumua.

Lakini ua halizibi lango, na malango yote mawili yalitazama barabara moja. Basi bila kukaa kikao, mambo yakajipanga. Nyanzobe akitaka kutoka alikohoa kwanza, kikohozi kikavu, kifupi, mara mbili. Shimba akikisikia, popote alipo uani, aligeuza kisogo mpaka nyayo zipite. Shimba akitaka kutoka alipiga kengele ya baiskeli, na ndani kwa Nyanzobe ufagio ulinyamaza. Kama kengele na kikohozi vilikutana, mdogo ndiye aliyerudi nyuma: Shimba alizungusha baiskeli akapitia njia ya nyuma, kwenye mashamba ya mihogo, mzunguko mrefu wa bure. Hakuna siku aliyonung'unika.

Miaka mitatu waliishi hivyo, na nawaambieni, kuna watu wanaolala kitanda kimoja wasiojuana kama walivyojuana hao wawili. Shimba alijua kwa mchi wa kinu kama mama ana furaha au ana hasira. Alijua siku ambazo goti linamsumbua. Nyanzobe naye alijua kwa kengele kama zahanati ina dawa au imekauka. Michembe ya viazi vitamu ikianikwa na kukauka, bakuli lililofunikwa kitambaa lilipita mkononi mwa Suzana kwenda kwa Shimba. Sabuni ikionekana dukani, kipande kilirudi kwa njia hiyohiyo. Hawakuwahi kuambiana asante. Bakuli lilirudi limeoshwa, ikatosha.

Shimba huyu hakuwa daktari, ingawa watu walimwita hivyo. Alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba aliyemaliza darasa la saba, akapelekwa kwenye mafunzo ya waganga wa vijijini, akarudi na koti jeupe na vitabu viwili. Zahanati yake ilikuwa vyumba viwili vilivyojengwa na wanakijiji wenyewe. Kitu alichokipenda kuliko vyote humo ndani ni mashine ya kupima presha, ile ya kufunga mkono kwa kitambaa na kubonyeza mpira. Mwalimu wake kule chuoni, mzee wa Kihaya mwenye sauti ndogo, alikuwa ameirudia mpaka wanafunzi wakamwona anachosha: ugonjwa huu haumi, haukohoi, hautoki upele, unakaa ndani ya mtu kimya, na siku ukiamka unamwangusha upande mmoja kama mti uliokatwa. Wengi huuita kupooza, wengine husema amepigwa na mizimu. Jina lake ni kiharusi, na mlango wake ni presha.

Basi Shimba alikifunga mikono kijiji chote. Walikuja wazee kwa vijana, wengine bila ugonjwa wowote, kwa sababu kufungwa mkono kulikuwa kumegeuka heshima. Aliowakuta na presha ya juu aliwapa vidonge vilivyokuwepo, akawapunguzia chumvi, na wachache walimsikiliza. Mkono mmoja tu haukufika. Nyanzobe akiumwa, hata jino tu, alipita mbele ya zahanati ya mkwe wake, akavuka mto, akaenda kwa Josephat.

Suzana alijaribu. Alikuwa mwanamke mwenye subira na ulimi laini, mwenye kumgeuza hata mwenyekiti wa kijiji. "Mayu," alimwambia mama yake, "nitakuja nayo hapa mwenyewe. Shimba amenifundisha kuifunga. Wewe utakaa tu."

"Na ile mipira ya masikioni?"

"Ya kusikilizia mapigo. Nitaivaa mimi."

Nyanzobe alikuwa akichambua karanga. Aliendelea kuchambua. "Ile anaivaa yeye kila siku. Anasikilizia watu mioyo. Leo niweke moyo wangu mahali ambapo mkwe wangu anaweka sikio lake?"

Suzana akamwambia kwamba desturi ina mlango. Mkwe akileta mbuzi na nguo mbele ya wazee, aibu huondolewa, wakaonana na kusalimiana kama watu. Shimba alikuwa tayari, mbuzi mwenyewe alikuwa ameshamtenga. Hapo mama akaacha karanga. Akasema maneno ambayo Suzana alimfikishia mumewe jioni ileile, na Shimba hakuyasahau.

"Nyumba yangu waliing'oa paa nikiwa natazama. Mkwaju wangu uko kule unaangusha matunda hakuna wa kuokota. Baba yako amelala kule peke yake. Mambo yote ya kwetu yamebaki kule kilimani, limekuja hili moja tu, kwamba mimi ni mkwe wa mtu na mtu ananigeuzia kisogo. Na hili nalo mwataka nilitoe kwa mbuzi?"

Shimba alimrudisha mbuzi zizini. Aliumia, kwa sababu alijua presha iliyokuwa ikikaa kimya nyuma ya minyaa yake, na pia alijivunia, kwa sababu hakuna mkwe aliyeheshimiwa kama yeye kijijini. Mambo hayo mawili yalimkaa kifuani pamoja, hakujua alitoe lipi.

Onyo lilikuja msimu wa kuvuna pamba. Asubuhi moja Shimba anafunga viatu, ufagio wa Nyanzobe unakwenda kama kawaida, shwaa, shwaa. Ukasimama. Kikaanguka kitu kama sufuria. Ufagio ukaanza tena lakini kwa mkokoto, kama unaoshikwa na mtoto. Shimba akasogea kwenye ua. Mkwe hamsemeshi mkwe, lakini mti mtu yeyote anaweza kuusemesha.

"Mnyaa," alisema, "hebu uliza huko kuna nini."

Sauti ikaja, nayo haikuwa sauti. Maneno yalitoka yamelowa, yameshikana, kama ya mtu mwenye ugali mdomoni. Shimba akasimama pale, kamba za kiatu bado hazijafungwa. Baada ya kitambo sauti ikajinyoosha yenyewe.

"Mnyaa, mwambie nimejikwaa tu. Aende kazini kwake."

Hakujikwaa. Mwalimu wa Kihaya alikuwa amewaambia kwamba mara nyingine ugonjwa huu hubisha hodi kwanza, ukaondoka, na mwenye nyumba akashukuru. Na kwamba ukibisha hodi hivyo, usingoje ubishe mara ya pili. Jioni Shimba alimweleza mkewe mambo yote, hakumficha hata moja. Kesho yake Suzana alimchukua mama yake, wakavuka mto. Josephat alimsikiliza, akamtazama macho, akamgusa mikono, lakini mashine yake ilikuwa imepasuka mpira tangu masika, na wa kuileta mpya hakuonekana. Akamwambia apumzike, apunguze chumvi.

Hapo Shimba akapata wazo, na lilikuwa wazo zuri, mtu asije akasema vingine. Kama mkono wa mama hauji kwenye mashine, mashine itaufuata mkono. Ataifunga kwenye baiskeli aipeleke kwa Josephat, na Suzana atampeleka mama huko akapimwe na mtu asiye mkwe. Wakapanga iwe Alhamisi. Suzana atawahi shamba la kijiji alfajiri akaonekane na kiongozi wa kikundi, kisha arudi kumchukua mama. Nyanzobe mwenyewe alikubali. Alisema, kwa Josephat sawa.

Alhamisi asubuhi Shimba aliifunga mashine nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi, akaizungushia blanketi isitikisike. Akapiga kengele. Nyuma ya minyaa kikaja kikohozi. Shimba akageuza kisogo, akangoja nyayo zipite. Hazikupita. Kikaja kikohozi tena, halafu tena, si mara mbili kama siku zote, kinafuatana. Akapiga kengele kidogo, kwa adabu, kama mtu anayesema nipo hapa, pita tu. Kikohozi kikajibu, na safari hii kilikuwa karibu zaidi, karibu na ua kabisa.

Mama ameamkia langoni, Shimba akawaza. Labda yuko na mtu, labda hataki nimpite leo, ana aibu ya safari. Akafanya alichofanya miaka yote. Akaizungusha baiskeli, akapitia njia ya nyuma kwenye mihogo, polepole, akiangalia mashine isigonge. Kikohozi kilimfuata mpaka alipofika mbali asikisikie tena.

Alivuka mto, akamkabidhi Josephat mashine, wakaijaribu pamoja, ikafanya kazi vizuri. Akarudi zahanati kwake moyo mweupe. Alikuwa anamsafisha mtu kidonda Suzana alipoingia mbio bila kanga ya juu, na mara moja akajua.

Walipofika nyumbani, wanawake walikuwa wameshamwingiza Nyanzobe ndani. Aliyeshika usukani ni Holo, shangazi yake Suzana, dada wa marehemu babake, mwanamke mkavu mwenye kauli. Shimba alisimama upande wake wa ua, mahali pake pa siku zote, akauliza kwa kupitia minyaa.

"Uso wake ukoje?"

"Uso ni wa mgonjwa," akajibu Holo kutoka mlangoni. "Utakuwaje?"

"Suzana, niambie wewe. Mmemkuta wapi?"

Suzana alikuja mpaka kwenye minyaa, akasema kwa sauti ya chini. "Hapa uliposimama, ila upande huu. Amejiburuta toka mlangoni, mchanga umekwaruzwa wote. Mkono wa kushoto ulikuwa umeushika mnyaa, umeuvunja, maziwa yamemtiririka mpaka kwenye kiwiko. Hasemi, Shimba. Anakohoa tu."

Shimba aliketi chini. Palepale mchangani, na koti lake jeupe. Aliona asubuhi yote tena, kengele na kikohozi, kengele na kikohozi, mtu anamwita kwa sauti pekee aliyobakiwa nayo, na yeye kila akiitwa anakwenda mbali zaidi. Suzana akamwita mara mbili hakusikia. Kisha akainuka, akaingia ndani kwake, akatoka na bendeji pana. Akajifunga macho, akazungusha mara tatu, akafunga fundo kisogoni.

"Nishike mkono," alimwambia mkewe. "Shangazi Holo, naingia. Sitamwona."

Hakuna aliyewahi kusikia jambo kama lile. Wanawake walimtazama Holo. Holo alimtazama Shimba alivyosimama langoni na uso wake uliofungwa, mikono mbele kama anayetafuta ukuta, na pengine alimwonea huruma. Akasogea mlangoni. "Heshima si utumwa," alisema. "Apite."

Ndivyo Shimba alivyompima mama mkwe wake: gizani, kwa vidole, na macho ya mkewe. Suzana akamwambia mdomo umevutwa kushoto, na upande wa kulia umelala kama nguo. Akauliza jicho, akajibiwa. Akapiga magoti, akatafuta mikono miwili ambayo hakuwahi kuigusa, akaipata. Ilikuwa mikono ya mkulima, migumu, midogo kuliko alivyodhani. "Mwambieni anibane," alisema. Mkono wa kulia haukufanya lolote. Wa kushoto ulimbana mpaka mifupa ikauma, na haukutaka kumwachia.

Akajua ni nini na ni upande gani. Mashine ilikuwa ng'ambo ya mto, na hata ingekuwepo ingemwambia nini ambacho hakijatokea? Kazi iliyobaki ni kumshikilia asiende. Akaomba kijiko cha maji, akayadondosha machache mdomoni, vidole vyake vikiwa kooni pa mama kusikiliza kama litapanda. Halikupanda. Maji yalirudi, na mama akapaliwa.

"Asipewe kitu mdomoni," Shimba akasema. "Uji, maji, dawa, chochote, mpaka niseme mimi. Koo limelala. Kikiingia kitashuka kwenye mapafu. Mwalimu wetu alituambia wagonjwa hawa hawauawi na kichwa tu, wanauawa na uji."

Wanawake wakatazamana. Mkwe anasema mama mkwe asile. Mtu anaumwa na mtu anamnyima uji, tena huyo aliyemwoa bintiye. Hakuna aliyelisema, lakini Shimba alilisikia. Masikio yake yalikuwa yamezoea kusikia nyuma ya ua. Aliagiza iletwe chupa moja ya maji ya kutia mshipani aliyokuwa nayo zahanati, akamtundikia darini kwa kamba. Akamwonyesha Suzana namna ya kumlaza ubavu, kumgeuza, kumweka mkavu. Alifanya yote hayo bendeji ikiwa machoni, sindano yenyewe aliiingiza kwa kupapasa.

Chupa moja haimtoshi mtu. Asubuhi alipanda baiskeli kwenda barabara kuu, kwenye kituo kikubwa, kutafuta gari na chupa zaidi. Kabla hajaondoka alimshika Suzana mabega. "Asipewe kitu mpaka nirudi," alisema. Suzana akaitikia.

Gari lilikuwa safarini, likirudi litatumwa. Trekta la kijiji lilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Chupa alipewa mbili, akazifunga nyuma ya baiskeli kwa uleule mpira wa tairi, akarudi akikanyaga kwa nguvu zake zote.

Huku nyumbani Holo alikuwa ameshasema yake. Kaburi la kaka yake halijafagiwa tangu wahamishwe, alisema, na marehemu amekuja kumchukua mkewe amfagilie. Alisema kwa uchungu, wala hakusema uongo wote, kaburi lilikuwa halijafagiwa. Alitaka Nyanzobe abebwe kwenye kitanda cha kamba mpaka kilimani, lakini mtu habebwi njia yote ile tumbo likiwa tupu. Akapika uji wa ulezi, mwepesi, akatia maziwa. Suzana alikataa. Alisimama kati ya bakuli na kitanda, akakataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili. Halafu Nyanzobe mwenyewe akainua mkono wa kushoto, akauleta mdomoni, akaugusa mdomo uliopinda, akamtazama binti yake.

Mtoto gani atamkatalia mama yake hivyo? Suzana alilichukua bakuli kwa Holo akamnywesha mwenyewe, kijiko baada ya kijiko, akilia. Shimba alipofika langoni hakuuliza. Alikisikia kikohozi kutoka barabarani. Kilikuwa na maji ndani.

Hakumgombeza mtu. Alimfuta Suzana uso kwa mkono wake mbele ya watu, jambo ambalo halifanywi, kisha akajifunga bendeji akaingia. Alitundika chupa. Alichoma sindano za penisilini asubuhi na jioni mpaka zikaisha. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda. Kila siku alikuja hivyo, ameshikwa mkono, akapiga magoti, na kila siku mkono wa kushoto wa Nyanzobe ulimtafuta ukamkamata. Nguvu zake zilipungua. Shimba alizipima kwa mifupa ya vidole vyake, na hakumwambia mtu. Gari lilikuja siku ambayo dereva mwenyewe, alipochungulia ndani, alivua kofia akasema hapa hakuna safari.

Asubuhi ya mwisho ilikuwa nyeupe, upepo wa ziwani unapita ndani, mlango uko wazi. Holo alikuwa amekaa miguuni, Suzana kichwani. Shimba alipiga magoti mahali pake, akanyoosha mkono wake ukamatwe. Haukukamatwa. Mkono wa kushoto ulimpita, ukapapasa bega, ukapanda shingoni, ukafika shavuni. Vidole vikaingia chini ya bendeji. Vikaivuta, polepole, vikipumzika na kuvuta tena, mpaka ikamwangukia shingoni.

Holo alijishika mdomo. Mbuzi hakuletwa, nguo haikuletwa, wazee hawakukaa. Mwenye jambo lake alikuwa amelitoa mwenyewe, na kwa mkono wa kushoto, maana hakuwa na mwingine. Alitaka kumwona mkwe wake, na mkwe wake amwone.

Na macho ya Shimba yakafumba. Hakuyaamrisha. Yalikuwa yamefundishwa miaka yote ile, kikohozi kikija yanageuka, na sasa yalibana kama ya mtoto anayeogopa radi. Alihisi pumzi ya mama usoni, alihisi vidole vikikaa shavuni vikingoja. Akajaribu kuyafungua yakakataa. "Mayu," alisema, na hilo ndilo neno la kwanza alilopata kumwambia pasipo mti katikati, "Mayu, ningoje. Nafungua."

Vidole vilikaa kidogo, vikateleza.

Alipoyafungua, Suzana alikuwa tayari anaivuta kanga kumfunika mama yake uso.